Kisutu cha Mama, Samawati ya Binti

SWALI: Mhariri, tulipokwenda Barabara ya Biashara kununua leso za harusi ya mdogo wangu, mama alishika kisutu, akakikunjua mpaka pindo likaonekana lote, na akakataa kukiachia. Mimi wekundu na weusi ule uliniumiza macho, nikachagua leso ya samawati ambayo yeye aliiona imepooza. Je, rangi aipendayo mtu huzaliwa nayo au hufunzwa? – Msomaji, Kibokoni, Mombasa.

JIBU: Dada yangu, kwa sehemu kubwa hufunzwa, ingawa hakuna aliyekaa kitako akakufunza. Stephen Palmer na Karen Schloss wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza mwaka 2010 kwamba mtu huipenda rangi kwa kadiri anavyovipenda vitu vyenye rangi hiyo. Buluu hupendwa na wengi huko Marekani kwa kuwa huwakumbusha anga iliyotakata na maji safi. Baadaye ilionekana kwamba hata wanafunzi wa Berkeley na wa Stanford huzipendelea rangi za chuo chao kuliko za mahasimu wao. Kwangu mimi mambo yalikwenda kinyume: shule niliyosoma ilituvika sare ya kijani na kutuchapa tukiwa tumeivaa, na mpaka leo sijanunua shati la kijani.

Wala buluu si kipenzi cha kila mtu duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwalinganisha Waingereza na Wahimba wa Namibia, na Wahimba hawakuonyesha mapenzi hayo ya buluu, bali walivutiwa na rangi zilizokolea.

Basi mama yako haoni wekundu, weusi na weupe tu. Kisutu ni leso ya bi harusi hapa pwani tangu zamani, na aliyekulia humo hukiona pamoja na vishindo vya chakacha, moshi wa udi na asumini ya kichwani. Weupe nao una mambo yake: siku ya Idi twaufurahia katika kanzu, lakini jora la bafta, kitambaa cheupe kinachokatwa sanda, likiingizwa nyumbani siku ya kawaida, hakosi bibi atakayeuliza ni nani aliyefariki.

Msigombanie jozi moja. Bi harusi apewe kisutu, nanyi ndugu mvae sare ya samawati; na mkirudi dukani, muulize mama ni harusi ya nani inayomjia anapokishika.