Ijue kampuni kabla hujatuma CV

Mdogo wangu, umeuliza utaijuaje kampuni ya hapa Dar kabla hujaomba kazi ya uhasibu kwao. Anzia BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni: ingia kwenye mfumo wao wa usajili, tafuta jina la kampuni uone kama lipo.

Ila usajili haukwambii kama watu wanalipwa. Hilo wanalijua waliokuwa ndani. Mtafute aliyefanya kazi pale akaondoka, umuulize mshahara unaingia tarehe ngapi na kama michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inapelekwa kweli. Kisheria ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya nusu ya mchango huo. Wapo waajiri wanaokata, makato yanaonekana vizuri kwenye slipu, lakini hela haifiki, na mtu anakuja kugundua anapofuatilia mafao. Inauma sana. Kwa mhasibu ni hatari zaidi, maana TRA, watu wa kodi, wakija, maswali ya vitabu yataanzia mezani kwako.

Angalia pia kama nafasi hiyo hiyo inatangazwa kila baada ya miezi michache. Huenda watu hawakai. Na wakidai hela ya fomu au ya mafunzo, achana nao kabisa.