Tunzo kutoka mbali zinafika ubeti umeshapita

SWALI: Kikundi chetu cha taarabu hapa Mikindani kinaonyesha tamasha mubashara YouTube, ili ndugu wa Dar es Salaam na Muscat watutunze na kuomba nyimbo. Ujumbe wao unafika tumeshaingia wimbo mwingine. Fundi anataka shilingi 150,000 atuwekee programu ya kuondoa kuchelewa, pamoja na bando kubwa. Tumlipe?

JIBU: Msimlipe hata senti. Kuchelewa huko hakumo ndani ya kompyuta yenu. YouTube hupokea picha, huikata vipande vya sekunde chache, na simu ya mtazamaji huweka akiba ya vipande kadhaa ndipo ionyeshe. Sekunde 20 au 30 za kuchelewa zinaishia humo. Bando kubwa haligusi akiba hiyo, na VPN (programu ya kupitisha mtandao wenu kwenye kompyuta nyingine) wanayouza wengine inarefusha njia tu. Inachosha kuona vikundi vinachangishana kwa ajili ya uongo huu.

Kabla ya kuanza, ingieni kwenye mipangilio ya matangazo ya YouTube, mchague kiwango cha chini kabisa cha kuchelewa: wengi watawaona ndani ya sekunde 5. Kwenye OBS, programu ya kurushia matangazo, wekeni ukubwa wa picha 720p, kasi ya kutuma kbps 2,500, na fremu kuu (keyframe, yaani picha kamili) kila sekunde 2. Lakini kiwango hicho hupunguza akiba, kwa hiyo mtandao ukiyumba kidogo tu picha inakwama. Kama laini yenu si ya kuaminika, chagueni kiwango cha kati, chini ya sekunde 10.

Tunzo zipitie lipa namba, na mshereheshaji asome majina kwenye kiitikio, si kwenye ubeti. Maombi yapokelewe wimbo mmoja kabla.

Mkitaka vigelegele vyao visikike ukumbini, wapigieni wachache simu ya video kwa simu ya pembeni. Sauti yao iingie kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), kwenye chaneli yake. Sauti mnayowarudishia kupitia AUX (njia ya pembeni ya kutolea sauti kwenye mikisa) ibebe kila kitu isipokuwa chaneli hiyo, la sivyo watasikia mwangwi wao wenyewe. Lakini msiwaombe wapige makofi kufuata mdundo: kuchelewa kukizidi milisekunde 30 hivi, watu huanza kuvutana kwenye mdundo, na simu ya video huchelewa zaidi ya hapo.

Na hili ni kwa kila anayerusha matangazo, ya harusi, ya msikiti au ya kanisa: fundi wa namna hii anaweza kuishia kuomba nywila na ufunguo wa matangazo (stream key), msimbo wa siri unaoiunganisha programu yenu na chaneli yenu ya YouTube. Mwenye ufunguo huo anaweza kurusha chochote kwa jina lenu. Kama mmeshampa, tengenezeni ufunguo mpya leo, badilisheni nywila, na washeni uthibitisho wa hatua mbili.