Maswali ya Wasomaji: Je, Michoro Inatosha Kumweleza Mfanyakazi Haki Zake?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi. Wenzangu wengi hawasomi kwa urahisi, na wengine hawaielewi vyema lugha ya mikataba yetu, kwa hiyo tunataka kuandaa mwongozo wa michoro. Mwajiri anasema mkataba ulioandikwa unatosha; wenzangu nao wanasema picha haihitaji maelezo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, naona pande zote mbili zimekosea, na mwajiri zaidi. Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mfanyakazi aelezwe masharti ya mshahara wake kabla ya kuanza kazi, na kila yanapobadilika, kwa njia inayofaa na inayoeleweka kwa urahisi. Mkataba Na. 189 wa mwaka 2011 una sharti la namna hiyo kwa wafanyakazi wa majumbani. Mikataba hii huzibana nchi zilizoiridhia; hata hivyo, popote pale, mtu aliyeweka dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa hajaelezwa chochote.

Wenzako nao wasiiamini picha kupita kiasi. Pembetatu ya njano ya tahadhari na duara jekundu la katazo hueleweka kwa sababu watu wamezizoea na kufundishwa maana yake. Kofia ngumu huchoreka. "Isipokuwa", "endapo" na "ndani ya muda gani" havichoreki, na sheria za kazi zimejaa maneno hayo. Chukua makato ya mshahara: mkono unaochomoa noti kwenye bahasha unaweza kusomwa kuwa wizi, mkopo au kodi. Ni afadhali kuchora hati ileile ya malipo wanayopewa, sehemu ya mshahara kamili, ya makato na ya kiasi kinachobaki zikiwa zimetiwa alama, kisha mfanyakazi akionekana ananyooshea kidole sehemu ya makato na kuuliza. Mchoro unaofuata uonyeshe anakwenda kwa nani asipojibiwa: kwako, kisha kwa mkaguzi wa kazi. Miongozo mingi hutangaza haki na kuishia hapo, ilhali mfanyakazi anahitaji kujua hatua ya kuchukua.

Kila mchoro upewe namba, kwa maana aliyezoea maandishi ya Kiarabu huanzia kulia. Msitegemee nyekundu na kijani pekee, kwani wapo wasioweza kuzitofautisha. Asiyeona atahitaji maelezo yaliyorekodiwa kwa sauti.

Kabla ya kuchapisha, waonyesheni wafanyakazi ambao hawakushiriki kuiandaa. Msiwaulize kama wameelewa, maana wengi watajibu "ndiyo" kwa adabu tu; waulizeni kinachotokea kwenye mchoro na wao wangefanya nini. Majibu yakitofautiana, mchoro ndio wa kubadilishwa.

Mwisho, kila mchoro utaje kifungu cha mkataba au cha sheria unachokieleza, pamoja na tarehe ya kuandaliwa, ili usije ukapingana na maandishi baada ya mabadiliko. Ubandikwe mahali ambapo mtu anaweza kusimama na kuutazama bila msimamizi kumwona, na zitolewe nakala ndogo za kubeba mfukoni. Jina la mwakilishi liachiwe nafasi ya kujazwa kwa kalamu, kwa kuwa wawakilishi hubadilika.