Mchakato haupikwi usiku wa kuamkia ufunguzi

Wadogo zangu mnaofanya sanaa kwa akili mnemba, tuelewane. Kila yanapokuja maonyesho ya pamoja mambo ni yale yale. Maelezo ya kazi yanasema "inachunguza mchakato", kyureta (mteuzi na mpangaji wa maonyesho) anaichagua kwa sababu ya maneno hayo hayo, halafu siku ya kupanga kazi inaletwa fleshi moja yenye video ya dakika mbili inayojirudia. Mchakato uko wapi? "Ulikuwa Colab", yaani kwenye kompyuta za Google za mtandaoni. Haya, kaeni.

1. Faili za katikati ndizo kazi yenyewe.

Hapa nitakaa sana, maana hapa ndipo mnapoanguka wote.

Chukua anayefunza StyleGAN2-ADA, programu ya kuzalisha picha, kwa picha za kanga. Kufunza kutoka sifuri kunakula GPU (kadi ya michoro yenye nguvu) ambayo hana, kwa hiyo anaanzia modeli (ubongo wa programu) ya FFHQ, iliyokwisha kufunzwa kwa picha 70,000 za nyuso za watu. Programu inafungua folda ya matokeo na kuweka humo reals.png, yaani gridi ya picha zako halisi, na fakes_init.png, yaani kile modeli inachokichora kabla haijaonja kanga hata moja. Ukiifungua hiyo ya pili unakuta nyuso tupu. Baada ya muda nyuso zinaanza kuyeyuka: shavu linakuwa pindo, jicho linavutika mpaka linakuwa korosho, na pale pa jina la kanga panatokea herufi ambazo hakuna mswahili atakayezisoma. Kipande hicho ndicho kyureta alichokipenda kabla hata hajakiona.

Tatizo ni kwamba kipande hicho hupita mapema mno. Usipogusa mipangilio, programu huhifadhi kila baada ya picha 200,000 kupita kwenye modeli, na kufikia hapo nyuso zimeshapotea zamani. Weka --snap=1 kwenye amri ya kuanzisha mafunzo ili ihifadhi kila baada ya picha 4,000. Ila ujue kila uhifadhi unakuja na gridi ya PNG, ambayo ni nyepesi, na faili ya .pkl, ambayo ni modeli yenyewe ilivyo wakati huo, yenye megabaiti mia tatu na ushee. Google Drive ya bure ina gigabaiti 15, kwa hiyo faili arobaini tu zinaijaza. Futa .pkl za katikati, bakiza tano au sita za hatua muhimu. PNG usifute hata moja, wala log.txt (kumbukumbu ya mafunzo), wala training_options.json (mipangilio yake).

Na tafadhali, matokeo yaelekezwe Drive tangu amri ya kwanza. Colab ya bure haifanyi kazi zaidi ya muda wa saa 12 mfululizo, na ikikata, kila kilichokuwa chini ya /content, folda yake ya muda, kinakwenda nacho. Haisubiri umalize chai.

Wanaopoteza folda hufanya nini? Wanachukua .pkl ya mwisho, wanatengeneza video ya picha moja kugeuka nyingine, wanaiita "safari ya modeli kujifunza". Huo ni uongo, na unaonekana. Video ya namna hiyo ni modeli iliyohitimu ikitembea ndani ya yale inayoyajua, na kila fremu imetulia. Kujifunza kwenyewe kuna aibu zake: rangi zinaruka, ubora unapanda kisha unaporomoka, na mafunzo yakienda kombo miraba yote ya gridi inaanza kufanana kama sare za shule. Mgeni mmoja anayejua akisimama mbele ya ukuta wako na kuuliza gridi ya mwanzo iko wapi, utamjibu nini?

Mnaotumia Stable Diffusion, modeli inayochora picha kutokana na maandishi, msicheke. Kwa kila picha mnahitaji jina na toleo la modeli, prompti (maneno ya kuagiza picha), prompti hasi (usichokitaka), sampla (njia ya kuchora), idadi ya hatua, CFG (kiasi cha kuifuata prompti) na namba ya mbegu (inayoanzisha bahati nasibu ya picha). Programu ya kuiendeshea, AUTOMATIC1111, huyaandika hayo ndani ya PNG yenyewe, na nyingine, ComfyUI, huweka mpangilio wako mzima humo. Kisha mnamtumia kyureta picha hizo kwa WhatsApp, inazibana, na maandishi yote yanafutika! Tumeni faili asili, kwa Drive au kama dokumenti. Wala msitegemee kuizalisha upya picha ile ile kwa mbegu ile ile: kompyuta ikiwa na kadi nyingine ya michoro, matokeo yanaweza kutofautiana.

2. Kazi itachora papo hapo au imerekodiwa? Amua kabla ya kuomba nafasi.

"Memories of Passersby I" ya msanii Mario Klingemann, ya mwaka 2018, ni kompyuta iliyofichwa ndani ya kabati la mbao na skrini mbili, inachora nyuso papo hapo. Inajitegemea, kila inachohitaji kimo ndani ya kabati. Ya kwenu inaita seva ya watu (kompyuta ya mbali) kwa intaneti ya ukumbi, ambayo wageni wote waalikwa wa ufunguzi wameshaingia. Na seva ikiwa nzima, modeli inaweza kuondolewa: OpenAI ilizima modeli yake ya maandishi text-davinci-003 tarehe 4 Januari 2024, na kila kazi iliyokuwa ikiiita kwa jina hilo ilinyamaza.

Kwa hiyo modeli ikae ndani ya mashine, na pembeni iwepo rekodi ya saa nzima ya kazi hiyo hiyo ikiwa tayari. Umeme ukikatika na kurudi, asiwepo mtu wa kubonyeza kitu: BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) iwashe mashine yenyewe, isiombe nywila, programu yako ianze, usingizi na masasisho vizimwe. Jaribu kwa kuchomoa waya ukutani kikatili, mara tatu. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo, isiyo na UPS (betri ya akiba) ipo siku itaharibu kadi yake ya kumbukumbu. Kompyuta yenye GPU usiifungie kwenye kasha lisilo na matundu.

3. Vidogo vinavyoua.

Fleshi ya FAT32 haipokei faili inayofika GB 4. Televisheni nyingi hujizima zenyewe baada ya saa kadhaa bila rimoti, zima mpangilio huo. HDMI ya kawaida kwa 4K isizidi mita tano hivi. Skrini ikizimwa kompyuta inaweza kusahau ukubwa wa picha. Kuna kiplagi cha EDID cha bei ndogo, kinachoiambia kompyuta kwamba skrini bado ipo, kinachomaliza ugomvi huo. Sauti: vipokea sauti vya masikioni, hauko peke yako ukumbini.

4. Ukuta.

Msanii Anna Ridler, kwa "Myriad (Tulips)" ya 2018, alipiga picha 10,000 za tulipu, akaziandikia lebo kwa mkono, na picha hizo zenyewe ndizo zikapanda ukutani. Wewe katika maonyesho ya pamoja utapewa mita mbili, labda tatu. Chagua gridi tisa, zichape kwa ukubwa mmoja, na chini ya kila moja uandike idadi ya picha ambazo modeli ilikuwa imeshaona. Ukibandika sitini, watu watadhani ni mapambo.

5. Kibao cha maelezo.

"AI" si nyenzo, kama vile "brashi" si nyenzo. Taja modeli, picha za mafunzo zilitoka wapi, na msimbo ni wa nani. Oktoba 2018 kundi la wasanii la Obvious liliuza picha ya akili mnemba "Edmond de Belamy" kwenye mnada wa Christie's kwa dola 432,500, na gumzo likahamia kwa Robbie Barrat, kijana ambaye msimbo wake ulitumika. Na kama umelisha nyuso za watu wanaotambulika, pata idhini ya maandishi: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ina ya taarifa binafsi ya 2022, na kyureta mwenye akili atakuuliza.

Ekstensheni uje na yako, iandikwe jina kwa wino usiofutika. Siku ya kubomoa kila msanii huapa kwamba ile nyeupe ni yake.