Nina ofa mbili: niwe mchambuzi wa hisa au niende kitengo cha fedha kiwandani?

SWALI: Shikamoo dada. Nimemaliza digrii ya fedha mwaka jana na saa hivi nina ofa mbili hapa Dar, moja kwa dalali wa hisa niwe mchambuzi, nyingine kitengo cha fedha kwenye kiwanda, mshahara wa kiwandani umezidi kidogo. Washkaji wanasema uchambuzi ndo dili, mzee anasema nenda kiwandani. Wanataka jibu Ijumaa. Naomba ushauri. – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, ofa mbili kwa mpigo siku hizi sio kitu kidogo.

Kwa dalali kazi yako ni kusoma na kuandika, yaani unachukua hesabu za mfano CRDB au NMB, unaangalia mikopo inarudi vipi, gawio linatoka wapi, mwakani faida itakuwaje, halafu unasema hisa hii nunua au achana nayo, na jina lako liko kwenye ripoti na watu wanaweka hela zao kwa kukuamini wewe. Ila ndani ya hiyo benki huamui kitu.

Kiwandani ni kinyume kabisa, bosi anataka mashine mpya, je tukope benki, tutoe hati fungani, yaani tukope kwa wawekezaji, au tusubiri faida? Shilingi ikishuka malighafi ya nje inapanda, mishahara tarehe imefika na wateja wakubwa bado hawajalipa, anayekosa usingizi ni wewe.

Kinachonipa wasiwasi kwenye uchambuzi hapa kwetu ni nafasi. Soko la hisa la Dar, DSE, lilianza mauzo 1998 na mpaka leo kampuni hazifiki 30, na humo humo kuna za Kenya kama KCB. Dalali anaishi kwa kamisheni, kwa hiyo soko likipoa, kitengo kisicholeta kamisheni moja kwa moja ndo kinaanza kuangaliwa jicho baya. Nairobi soko ni kubwa zaidi, ila hata huko kampuni ni kama 60 tu na vijana wao wanazigombea hizo nafasi.

Kwa hiyo mimi naegemea kwa mzee, na sio kwa sababu ya mshahara. Mtu aliyefunga hesabu za kiwanda mwisho wa mwezi anajua faida inavyoweza kuonekana nzuri kwenye karatasi wakati benki hakuna kitu, na huyo akija baadaye kuchambua hisa hadanganyiki kirahisi.

Ila kabla ya Ijumaa chukua ripoti ya mwaka ya Twiga Cement, iko bure mtandaoni, uandike kurasa mbili kama kwa bei ya leo hisa yake inafaa kununuliwa. Ukijikuta saa nane usiku bado unachimba na huna habari, basi nenda kwa dalali, haya niliyosema weka pembeni.

Kama unaogopa ukienda kiwandani CFA, kile cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, ndo basi tena, hapana. Mitihani ni ngazi 3 na uzoefu wanaotaka ni saa 4,000 kwa muda usiopungua miezi 36, na kazi ya fedha ndani ya kampuni inaweza kuhesabiwa kama inagusa maamuzi ya uwekezaji. Kwa hiyo waulize watu wa kiwandani, tena kabla hujasaini, kama utashirikishwa kwenye kupanga bajeti na mikopo au utakaa unaingiza risiti tu mwaka mzima. Wakikujibu risiti, nenda kwa dalali.