Ndugu yako kakamatwa kaunti ya vijijini Marekani na hujui yuko jela gani? Anzia hapa

Ijumaa moja usiku, saa nne na ushee, simu ya mke wangu iliita, namba inaanza na 660. Akapokea. Sauti ya mashine ikaanza kuongea Kizungu, sijui una simu kutoka kwa nani, halafu katikati kukawa na sauti ya mtu kataja jina haraka haraka, halafu mashine ikaendelea ukikubali kulipia bonyeza namba fulani. Mke wangu akasema hawa matapeli hawalali, akakata.

Dakika tano baadaye akaniangalia, "Baba, mbona ile sauti kama ya mdogo wangu?"

Aisee. Ndo hivyo, shemeji yangu alikuwa jela na sisi tumemkatia simu kabla mashine haijataja jela yenyewe. Na namba ile ukipiga haipokelewi, ni ya kupigia tu. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa nachowaambia, simu ya mashine ya usiku isikilize mpaka mwisho, huwa inataja jina la jela, na hata usipotaka kulipia wewe jina umeshalipata.

Shemeji alitoka Kansas City mchana anaelekea Hannibal kwa ile barabara ya 36 inayokata jimbo la Missouri kaskazini yote. Mahindi, soya, ng'ombe, kanisa, mahindi tena, na kila baada ya maili ishirini na kitu unaingia kaunti nyingine. Missouri ina kaunti 114, St. Louis jiji linajitegemea peke yake. Sasa sisi tulichokifanya kama watu wengi ni kutafuta Kansas City, eti kwa sababu ndo anapoishi. Lisaa lizima limepotea hapo. Mtu anawekwa ndani pale alipokamatwa, anapoishi hapahusiki, hata kama amebakiza maili mbili afike nyumbani.

Kilichotuokoa ni WhatsApp. Jioni alikuwa kamtumia rafiki yake lokesheni kwamba nimesimama kuweka mafuta. Nikachukua kile kimji, nikaangalia kwenye ramani kiko kaunti gani (ukiandika jina la kaunti kwenye Google Maps inakuchorea mpaka wake), nikaandika na jina la kaunti inayofuata kuelekea mashariki. Zikawa kaunti mbili tu za kutafuta badala ya saba nane.

Hapa nieleze kidogo maana watu wanachanganya. Kiswahili chetu jela ni jela, ila huku kuna jela ya kaunti, ambayo kwa kawaida ipo chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, hapo ndo mahabusu wanawekwa wakisubiri mahakama au wenye vifungo vifupi. Halafu kuna magereza ya jimbo ya waliokwishahukumiwa vifungo virefu. Usiku wa kwanza ukitafuta kwenye websaiti ya magereza ya jimbo hutaona kitu hata ukeshe. Mambo yanabadilika na jimbo, wenzetu wa Kentucky wao mkuu wa jela anachaguliwa kwa kura peke yake mbali na sherifu, na West Virginia jela ni za kanda na zinaendeshwa na jimbo. Kwa hiyo uliza jimbo lako kwanza.

Nikarudi kwenye Google, nikaandika jina la kaunti na "jail roster", yaani orodha ya mahabusu. Unajua zinazotokea juu kabisa? Matangazo. Kurasa zinazojifanya za serikali, zina bendera, zina kamstari kanatembea kanakwambia tunatafuta, tunatafuta, TUMEPATA REKODI, weka kadi ulipie dola moja. Mke wangu kwa presha akaweka kadi. Ndani hamna kitu, anwani zetu za zamani tu na majina ya majirani, na mwezi uliofuata wakakata dola ishirini na tisa. Orodha ya mahabusu ya kaunti ni bure. Ukiona wanataka kadi, toka. Tafuta ukurasa wa ofisi ya sherifu yenyewe, halafu linki iliyoandikwa "Inmate Search", "Current Inmates", wengine "Who's in Jail". Kaunti ndogo nyingine haina websaiti ya maana, ina ukurasa wa Facebook na namba ya simu basi.

Kaunti ya kwanza ilikuwa na orodha, watu kumi na moja, shemeji hayupo. Ya pili haina orodha kabisa. Nikapiga simu. Msipige 911 jamani, kuna namba ya kawaida ya ofisi ya sherifu, na kwenye kaunti ndogo usiku inapokelewa na yule yule anayewaongoza polisi kwenye redio, kwa hiyo ongea kwa heshima na kwa ufupi. Akapokea mama mmoja ana sauti ya uchovu. Nikamtajia jina la ukoo la shemeji. Hamna. Nikamtajia la kwanza. Hamna. Nikakaribia kukata, ndo akaniuliza mwenyewe, tarehe ya kuzaliwa? Nikaitaja. Kimya, nasikia anabonyeza bonyeza keyboard. "Oh. Yes, honey, we have him." Yaani yupo kwao.

Kumbe walichukua jina la katikati, ambalo ni la baba yake, wakalifanya la ukoo, na wakaliandika bila h. Na hii sio bahati mbaya ya siku moja. Majina yetu matatu yanawavuruga hawa watu. Tuseme mtu anaitwa Hamisi Juma Ramadhani, mtafute kwa Ramadhani, kwa Ramadani, kwa Juma, kwa Hamisi kama ndo la ukoo, na usiandike jina zima, andika herufi tatu za mwanzo kisha uangalie orodha kwa macho. Kama kaunti ina mahabusu ishirini hata usitafute jina, fungua orodha yote, ziangalie sura. Tarehe nayo ukumbuke wanaanza na mwezi, ya tatu mwezi wa saba wanaandika 07/03. Na ndugu zetu Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi, wengi karatasi zao zimeandikwa tarehe moja Januari, huyo usimtafute kwa siku aliyokwambia mama yake, mtafute kwa 01/01 na mwaka ulio kwenye kadi.

Jirani yetu mmoja Mkongo yeye alikuta kingine tena. Kaunti iliyomkamata mwanae haina jela, inakodi vitanda kaunti ya pili. Kwa hiyo ukiambiwa hayupo, usikate simu, uliza "mnawaweka wapi watu wenu?" Na kuna VINELink, huduma ya bure iliyoanzia Louisville mwaka 1994 kwa ajili ya wahanga wa uhalifu, unaandika jina inakutafutia kwenye jela nyingi kwa mpigo, na unaweza kujiandikisha ikupigie akitoka au akihamishwa. Haina kaunti zote ila inapunguza simu za kupiga. Na mtu akikamatwa sasa hivi usitegemee kumuona sasa hivi, kuchukuliwa alama za vidole na picha na kuandikwa kunachukua masaa.

Ukishampata, andika kwenye karatasi namba ya usajili wake, kosa, nani kamkamata na kiasi cha dhamana. Ya shemeji ilikuwa "FTA", maana yake hakutokea mahakamani, tiketi ya spidi ya miaka miwili nyuma, kaunti nyingine kabisa, yeye alishaisahau. Pembeni "$300 CASH ONLY". Hiyo cash only maana yake usihangaike na yale makampuni ya kudhamini, ambayo unayalipa asilimia kumi yenyewe yanakudhamini, wanataka pesa yote mkononi. Namba ya kesi nikaiona Case.net, tovuti ya mahakama za Missouri, bure, saa saba usiku nimekaa kitandani. Ila aliyekamatwa bila waranti, yaani hati ya mahakama ya kumkamata, anaweza asionekane huko kabisa, maana Missouri wana saa 24 tu za kumfungulia mashtaka au kumwachia.

Kama ndugu yako sio raia, tafuta wakili wa uhamiaji kabla hajakubali kosa lolote, hata dogo. Akipotea ghafla kwenye orodha ya kaunti bila kutoka, mtafute kwenye mfumo wa ICE, wale askari wa uhamiaji, kwa A-namba yake (namba anayopewa na uhamiaji) na nchi aliyozaliwa, au kwa jina lake na nchi hiyo. Hiyo A-namba iwe imeandikwa mahali nyumbani, leo. Na Mtanzania akikamatwa wanatakiwa kuujulisha ubalozi bila hata yeye kuomba.

Kitu kinachoniudhi ni picha. Orodha ile ni ya wazi, kwa hiyo Jumapili tayari skrinishoti ya shemeji inazunguka kwenye grupu la harambee, na mtu ambaye hata hamjui anatuma emoji za kucheka. Kukamatwa sio kuhukumiwa. Missouri mtu asiposhtakiwa ndani ya siku 30 ripoti ya kukamatwa inafungwa, lakini nani ataifunga ile iliyoko kwenye simu za watu mia mbili? Matapeli nao wanasoma orodha hizo hizo, wanakupigia mimi ni afisa wa jela lipa dhamana kwa kadi za zawadi. Kata, kisha piga mwenyewe namba ya sherifu.

Jumamosi asubuhi tukaendesha masaa mawili na nusu, nikatoa dola mia tatu kwenye kadirisha ka kioo, wakanipa risiti iliyoandikwa kwa mkono. Shemeji akatoka ameshika viatu na mfuko wa plastiki wenye simu na mkanda. Hakunisalimia. Akamuangalia mke wangu, "Dada, kweli wewe ni wa kunikatia mimi simu?"