Bangaloo ya kijijini Uingereza: kabla hujagusa ukuta wa nje, soma hii kwanza

Wiki mbili zilizopita kaka mmoja, tumetoka wote Tanga, alinipigia simu kafurahi kweli kweli, ofa yake imekubaliwa kwenye bangaloo moja huko mashambani Herefordshire, na kabla hata hajapewa funguo tayari keshaongea na fundi kuhusu kuifunika yote plasta nyeupe na kuivika mbao upande wa mbele. Nikamwambia kaka subiri, usimpe mtu hela, jumamosi nakuja na laptopu tukae. Haya ninayoandika hapa ndo niliyomwambia, na naandika maana najua wengi wetu saivi tunatoka mijini tunatafuta nyumba za chini kule vijijini, na yaliyonikuta mimi sitaki yamkute mwingine.

Mimi na mama watoto tulinunua yetu 2022, kijiji kimoja karibu na Church Stretton, kaunti ya Shropshire. Nyumba ya 1964, tofali nyekundu, vigae vya zege, fishabodi, zile mbao za ukingo wa paa, zimeoza mpaka ukigusa kidole kinazama. Ndani tulishamaliza, ikabaki nje, na nje ilikua inatuuma sana maana ukitokea barabarani unaona kama nyumba imetelekezwa. Tukaweka akiba mwaka na nusu, mi naendesha lori usiku na yeye anachukua shifti za ziada kwenye nyumba ya wazee, hela za jasho kabisa.

Fundi tukampata kwa kuelekezwa. Kazi zake nyingi alikua anafanyia mjini, nimeziona kwa macho, safi. Nikamuuliza swali moja tu, hii inataka kibali? Akasema hapana, plasta ya nje napiga kila wiki hamna anayeomba kibali. Sikufikiria kwamba anaongelea nyumba za mjini na yangu haiko mjini. Na mi nilikua na akili ile ya nyumbani, nyumba ni yangu, hati ninayo, nani aje aniulize ukuta wangu una rangi gani.

Tukaanza ukuta wa pembeni, ule mkubwa unaopanda mpaka kwenye pembetatu ya paa. Siku nne ukawa mweupe unang'aa, nikapiga picha nikatuma kwa mama Tanga. Wiki ya tatu ikaja barua ya kaunsili, yaani halmashauri ya huku.

Alikuja afisa wao, mama mmoja mpole sana, hakupandisha sauti hata kidogo. Akanionyesha picha kwenye simu yake, kaipiga kutoka kwenye njia ya wapanda mlima kule juu Long Mynd. Bonde lote kijani, nyumba nyingine zote zimejificha kwenye miti na tofali zao na mawe yao, afu katikati kuna doa moja jeupe. Ilikua nyumba yangu. Sikuwa na la kusema, na kusema kweli ile picha ilinibadilisha kuliko barua yenyewe, maana kila jumapili napanda ule mlima na wanangu na sikuwahi kugeuka kuitazama nyumba yetu kutoka kule.

Sasa sheria yenyewe, nitaieleza nilivyoielewa, na hii ni ya England, Wales na Scotland wana za kwao. Tangu sheria ya mipango miji na vijiji ya 1947, iliyoanza kutumika Julai 1948, kuwa na ardhi hakukupi haki ya kujenga au kubadilisha utakavyo, hiyo ni haki ya kuombewa kibali. Ila ili watu wasiombe kibali kwa kila msumari, serikali ilitoa ruhusa ya jumla kwa kazi ndogo ndogo za nyumba, inaitwa Permitted Development, na toleo linalotumika ni la 2015. Ndo hiyo mafundi wanayoitegemea wakikwambia haihitaji kibali. Tatizo ruhusa hiyo inapunguzwa ukiwa kwenye maeneo yaliyolindwa: hifadhi za taifa, Broads (eneo la mito na maziwa mashariki mwa England), maeneo ya urithi wa dunia, conservation area (mitaa yenye majengo ya zamani inayolindwa) za vijijini na mijini, na zile zilizoitwa AONB, yaani maeneo ya mandhari nzuri ya asili, ambazo tangu Novemba 2023 zinaitwa National Landscape. Shropshire Hills iko kwenye kundi hilo tangu 1958, yaani nyumba yangu ilijengwa miaka sita baadae ndani ya eneo ambalo tayari limelindwa, na mi nilikua sijui.

Kwenye maeneo hayo huruhusiwi kuvika sehemu yoyote ya nje ya nyumba kwa mawe, mawe ya bandia, plasta, plasta ya kokoto, mbao, plastiki wala vigae bila kuomba. Sehemu yoyote, hata ukuta mmoja wa nyuma. Huruhusiwi pia kupanua paa kwa kutoa chumba juu, wala kutoa chumba pembeni ya nyumba. Na hata ukiwa nje ya maeneo hayo usijione huru, vifaa vya nje vinatakiwa vifanane kwa muonekano na vilivyokuwepo, kwa hiyo tofali nyekundu kugeuka ukuta mweupe ni jambo la kuuliza kwanza popote ulipo.

Kwa hiyo cha kwanza kabisa, kabla ya fundi, kabla ya rangi, jua kiwanja chako kinaitwaje kwenye ramani. Serikali ina ramani ya bure inaitwa MAGIC, unaweka postikodi unawasha tabaka la maeneo yaliyolindwa, dakika tano umeshajua. Conservation area angalia kwenye ramani ya kaunsili yako.

Cha pili, na hiki wengi hawakifanyi, ingia kwenye tovuti ya kaunsili sehemu ya planingi (vibali vya ujenzi) utafute historia ya nyumba yenyewe kwa anwani. Fungua kile kibali cha mwanzo kabisa usome masharti yake moja moja, hata kama ni karatasi ya taipureta iliyofifia, maana kaunsili inaweza kuwa ilishaziondoa zile ruhusa za jumla kwa nyumba hiyo peke yake, na hapo hata kibaraza kidogo utakiombea. Nyumba za kijijini ndo zinakuwa na masharti ya hivo sana.

Mimi nilipewa njia mbili, kuitoa ile plasta ya ukuta au kuomba kibali wakati kazi imeshafanyika. Kuitoa haikua rahisi, plasta ya saruji ikishashika tofali ukiibandua inaondoka na uso wa tofali, na tofali lisilo na uso linanyonya maji, baridi ya Januari ikija linapasuka. Nikaomba. Wakati huo, 2024, ada ilikua pauni 258, saivi usije na hesabu hiyo maana tangu tarehe 1 Aprili 2025 ilipanda mpaka 528, na inapandishwa kufuata gharama za maisha, kwa hiyo angalia kiwango cha mwaka wako. Juu yake tovuti ya Planning Portal inakata ada yake ya huduma. Muda wa kawaida wa uamuzi ni wiki nane, kuna siku 21 za majirani na kaunsili ya kijiji kutoa maoni, na hapo nikajifunza kitu, yule mzee jirani yangu niliyemuogopa kwamba ndo kanishtaki aliandika kuniunga mkono. Akaniambia ungenigongea mlango tu mwanangu, ningekwambia, mimi mwenyewe niliomba kibali cha mambo ya hivi hivi miaka ya nyuma.

Wakanikubalia ukuta ule mmoja kwa sharti niupake rangi iliyopoa, ile ya mawe ya huku. Mbao za mbele afisa alinishauri niziache, hamna nyumba hata moja ya mbao kwenye ule mtaa, nikaziondoa kwenye ombi. Mbao zenyewe nilikua nimeshanunua, mwerezi mzuri, nikaziuza kwa hasara.

Kuna ushauri unazunguka sana kwetu nao ni wa hatari: jenga, kaa kimya miaka minne, wakichelewa hawawezi kukugusa tena. Hiyo ilikua zamani. Kwa kazi zilizomalizika kuanzia tarehe 25 Aprili 2024 England imekua miaka kumi. Miaka kumi ya kukaa na wasiwasi, na ukitaka kuuza katikati hapo wakili wa mnunuzi atauliza kibali kiko wapi. Tafadhali usimshauri mtu hivo.

Sasa nyumba yangu saivi inapendeza, na kilichoipendezesha zaidi hakikuhitaji kibali chochote. Tofali za mbele tuliziosha kwa maji na brashi laini, hamna mashine ya presha maana inachimba, tukatoa saruji iliyolika kwenye viungo tukajaza mpya ya rangi ile ile. Hayo ni matengenezo, kurudisha kitu kilivyokua. Fishabodi mpya, mifereji mipya ya mvua, mlango umepakwa rangi ya kijani iliyokolea. Madirisha tukabadilisha kwa yenye umbo lile lile, hakikisha tu fundi wa madirisha amesajiliwa FENSA (mpango wa kusajili mafundi wa madirisha) au mpango kama huo akupe cheti, la sivyo itabidi uite ukaguzi wa ujenzi wa kaunsili. Kupaka rangi nje kwa kawaida hakuhitaji kibali hata kwenye National Landscape, ila mi nasema usiipake tofali nzuri rangi ya plastiki, unyevu unanasa ndani na ukishapaka hamna kurudi nyuma, utapaka maisha yako yote.

Kama shida yako ni baridi na si sura, usikimbilie kuvika ukuta kwa nje. Nyumba nyingi za miaka ya 60 zina ukuta wa tabaka mbili wenye uwazi katikati, unaweza kujazwa kizuia baridi bila nje kubadilika, ila upimwe kwanza na mtu anayejua, upande unaopigwa na mvua ya upepo ukijazwa vibaya unaleta ukungu ndani. Na ukipata kibali cha plasta au kuvika, jua kwamba ukigusa zaidi ya nusu ya ukuta, sheria za ujenzi, ambazo ni kitu tofauti kabisa na planingi, zinaweza kukutaka uongeze kizuia baridi hapo hapo. Waulize hao pia, usichanganye hizo ofisi mbili, kibali cha mmoja si kibali cha mwingine.

Vipimo vya haraka vya kukumbuka, kama ruhusa zako hazijaondolewa: kibaraza cha mlangoni kisizidi mita za mraba 3, urefu wa kwenda juu mita 3, na kiwe zaidi ya mita 2 kutoka mpaka wa barabara. Uzio unaopakana na barabara usizidi mita 1, kwingine mita 2. Ukiweka pevingi (sakafu ngumu ya nje) mbele ya nyumba zaidi ya mita za mraba 5, maji yapenye chini au yaelekezwe kwenye majani, yasikimbilie barabarani. Na kile kipande cha malisho nyuma ya nyumba, hata kama kiko kwenye hati yako, si lazima kiwe bustani kisheria, usikiwekee uzio wala banda kabla hujauliza.

Viwili vya mwisho naviweka pamoja sababu vyote viko darini na fundi hatavitafuta. Popo analindwa kwa sheria ya 1981, na makazi yake yanalindwa hata kama mwenyewe hayupo, ni kosa la jinai kuyaharibu. Ukiona vinyesi vidogo vikavu vinavyovunjika kama unga karibu na fishabodi, simama, ita mtaalamu, na kuwahesabu wakitoka jioni kunafanyika kuanzia Mei hivi mpaka mwisho wa kiangazi, kwa hiyo ukichelewa unasubiri mwaka mwingine. Afu kuna asbesto. Ilipigwa marufuku kabisa 1999, bangaloo ya kabla ya hapo inaweza kuwa nayo kwenye zile bodi za chini ya paa, kwenye bati la gereji, hata kwenye mifereji. Usitoboe wala kupiga msasa, peleka kipande maabara, ni bei ndogo kuliko mapafu yako.

Na kama unaamini kazi yako haihitaji kibali, omba cheti cha Lawful Development, kinachothibitisha kazi yako ni halali bila kibali, ada ni nusu ya ile ya kibali, ni karatasi utakayomwonyesha mnunuzi miaka 15 ijayo.

Jumamosi nikafika kwa kaka. Shemeji katuwekea chai, tukafungua tovuti ya kaunsili, tukaweka anwani ya ile bangaloo yake. Haikuwa kwenye eneo lililolindwa, akashangilia. Nikamwambia tushuke mpaka kibali cha mwanzo. Sharti la tatu: atakayeishi kwenye nyumba hii awe anafanya kazi, au alifanya kazi mara ya mwisho, kwenye kilimo au misitu maeneo hayo. Kaka anafanya kazi ghalani, si shambani. Tukasoma mara mbili tatu, shemeji akakaa chini. Ndo maana bei ilikua chini vile, na hakuna aliyemwambia, na suala la plasta likawa dogo hapo hapo. Nashukuru walikua bado hawajabadilishana mikataba ya mauzo, yaani alikua bado hajafungwa kununua. Jumatatu asubuhi akamtumia wakili wake ile karatasi, akamwandikia na aliyempa mkopo, na fundi keshamwambia asubiri. Mpaka leo hajajibiwa.